Bima ya Gari la Deo

Mwaka sabini na nne, mwaka wa njaa, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hapo ndipo taabu iliponishika mkono. Baba alikufa kabla ya vuli, shule ikaishia darasa la tatu, na mama akanipa tenga badala ya daftari. Sikusoma zaidi ya hapo, mwanangu, wala sioni haya kusema. Waliosoma wengi wamepanda lori langu kwenda mjini, na nauli wamenilipa.

Nakumbuka siku moja ya mwaka huo, nimeshuka kutoka Nyandira na tenga la nyanya kichwani, shingo imekufa ganzi. Nyanya za chini zilikuwa zimeanza kuoza. Nilizijua, kwa sababu nilizipanga mwenyewe, mbovu chini, nzuri juu zikicheka. Pale sokoni Morogoro palikuwa na mama mmoja mchuuzi, Bi Zuhura, mtu mzima wa kanga mbili, aliyenunua kwa mama yangu miaka mingi. Alinilipa bila kulimwaga tenga. Nikapanda mlima nikiimba.

Juma lililofuata alinipokea vizuri, akanipa chai na mhogo, nikala nikashiba. Kisha akatandika gunia, akasema, "Haya mjukuu wangu, mwaga." Nikamwaga mbele ya soko zima. Mbovu zikabingirika mpaka miguuni pa watu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi kwenu sinunui nyanya. Nanunua jina la mama yako, nyanya napewa nyongeza. Leo umeniuzia jina bovu."

Mtoto mwenye akili angejifunza pale kutoficha. Mimi, mwanangu, nilijifunza kinyume. Nilijifunza kumtafuta mnunuzi asiyemwaga tenga. Nikajiambia kila mtu na macho yake, anayenunua ndiye anayekagua. Kwa kanuni hiyo niliuza kabichi, karoti na njegere, nikanunua lori la kwanza bovu na kuliuza zima. Watu wakaniita mjanja, na mimi nikaona ni sifa. La kuvunda halina ubani, lakini ukiwa na haraka ya kutajirika hata harufu huisikii.

Sasa nikueleze habari ya Deo.

Deo alikuwa mtoto wa dada yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye nguzo yake. Mjomba ndiye anayesema naye anapokosea, na mjomba akifa, mpwa ndiye anayekaa mahali pake. Mimi watoto wa kuzaa ninao, mabinti, Mungu awabariki. Lakini wa kukaa kwenye kigoda changu alikuwa Deo.

Treni ya umeme ilipoanza, Deo akaona riziki stesheni ya Kihonda. Abiria wanashuka na mizigo, wanataka Mzumbe, wanataka Mgeta, wanataka Turiani. Akasema atanunua gari dogo la umeme lililotumika, halinywi mafuta, analichaji nyumbani. Fedha hakuwa nazo. Mke wake, Anjela, alikuwa na shamba la mpunga Dakawa, pembeni kabisa mwa mfereji, aliloachiwa na mama yake. Akaliuza. Siku ya kuliuza alimwambia Deo mbele yangu, "Hili ndilo mama yangu. Likienda, hilo gari ndilo litakuwa mama yangu. Ulitunze hivyo."

Deo akamjibu, "Nitalikatia bima kubwa. Likipata la kupata, shamba lako linarudi."

Kumbuka neno hilo, mwanangu. Anjela alitoa shamba kwa sababu ya hiyo bima.

Pale stesheni madereva wa magari ya petroli walimpokea kwa kejeli. Gari lake wakaliita pasi, kwa sababu linachomekwa ukutani. "Deo, pasi imepata moto?" "Abiria, msipande hiyo, mtashuka mmenyooka mikunjo." Mmoja wao alikuwa Kasiani, mtani wetu wa ukoo, mtu wa rika langu, aliyekuwepo sokoni siku ile nilipomwaga tenga, mdomo wake hauna breki. Yeye alimuuliza Deo kama huko njia ya Mgeta soketi wamezifunga kwenye migomba. Watu wakacheka. Deo naye alicheka, lakini kijana akichekwa siku nenda siku rudi, kitu kinamla.

Akalipeleka Dar es Salaam kwa fundi mmoja. Yule fundi akachomeka kompyuta yake, akalifungua lile gari, akaondoa kizuizi alichokiweka mwenye kiwanda, akaliongezea nguvu na mwendo. Deo akarudi nalo limekuwa mnyama mwingine. Alinipandisha siku moja kutoka Msamvu, akakanyaga kidogo tu, mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti. "Mjomba, wanasema pasi," akaniambia. Nilimwambia apunguze. Sikumwambia alirudishe lilivyokuwa. Mpanda ngazi hushuka, nami nilimwona anapanda nikamshikia ngazi.

Ikaja siku ya kukata ile bima kubwa. Deo aliniita nyumbani kwake niwepo, kama mjomba. Kasiani naye alikuwepo, amekuja kunywa kahawa. Anjela alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Akaja binti wa bima, mdogo, mpole, akasema shikamoo kwa kila mtu hadi kwa Kasiani ambaye hakuizoea. Akalizunguka gari, akalipiga picha, akauliza, "Tangu litoke kiwandani limeongezwa chochote? Nguvu, mwendo, magurudumu?"

Deo akanitazama mimi.

Nikamuuliza yule binti, "Kama limeongezwa?"

"Bei inapanda, babu," akasema. "Gari la umeme betri yake ndiyo gari lenyewe. Likigonga kwa mwendo mkali, kulitengeneza ni sawa na kununua jingine, na mafundi wake hapa wachache. Mkiliongeza nguvu, na sisi tunaongeza bei. Sio kwamba tunakataa. Hata mkifunga breki bora au taa semeni, pengine bei isiguswe. Tunachotaka ni kujua."

Alieleza vizuri kabisa. Mtu asiyesoma kama mimi nilielewa kila neno. Nilichosikia mimi lakini ni lile moja, bei inapanda, na maisha yangu yote sikuwahi kulipa bei ya juu. Nikaliangalia gari linavyong'aa, nikamwona mnunuzi hajamwaga tenga. Nikasema, "Liko kama lilivyoshuka melini. Andika, binti yangu."

Kasiani akakohoa. Binti akaandika.

Alipoondoka Deo akanipiga begani akicheka, "Mjomba wewe kiboko." Ndilo neno la mwisho la furaha nililolisikia kwake, na hadi leo silipendi.

Haikufika masika. Deo alimpeleka abiria Ngerengere, akawa anarudi peke yake mchana, mvua nyepesi, lami imelowa. Akalipita lori. Waliokuwa kwenye lile lori walisema gari liliruka mbele kama limesukumwa, likayumba, likaacha barabara, likaenda kwenye mti. Hakuna mwingine aliyeumia. Deo alikufa palepale.

Tukamzika mlimani, kwenye makaburi ya ukoo, karibu na mama yake. Kasiani alifanya kazi ya mtani. Alivaa kofia ya Deo, akakaa juu ya udongo akishika usukani wa hewa, akasema, "Mwanangu, treni yenyewe ulikuwa unaishinda, ulikuwa unawahi wapi?" Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo watani wanavyotusaidia kuvuka. Anjela hakucheka. Alikuwa amekaa na mtoto mapajani, akiniambia kila nikipita, "Mjomba, bima watakuja lini?" Nami nikamjibu, "Watakuja."

Walikuja. Mkaguzi alikwenda kulitazama gari lilipovutwa. Gari la umeme, mwanangu, lina kichwa kinachokumbuka. Kikasema kila kitu, kwamba lilifunguliwa na lilikuwa na nguvu ambayo hatukuitaja. Wakampigia Anjela simu. Wakampa pole. Wakasema gari lile siyo gari waliloliwekea bima, kwa hiyo hawalilipi.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulijaa uani. Kila mtu aliitukana bima, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilisema hawa ni wezi wenye tai. Nilisema wanachukua kwa mikono miwili wanatoa kwa kidole. Wazee wakatikisa vichwa wakikubali. Anjela ananitazama, ananitegemea.

Kasiani akasimama. Hakuwa anacheka.

"Mtani," akaniambia, "mimi ni mtani wako, nina ruhusa. Yule binti alikuuliza. Alikuuliza kwa adabu, na shikamoo juu. Wewe ukampa nyanya za juu."

Nikamwambia, "Kaa chini, Kasiani."

"Nitakaa. Ila huyu mama ajue nani kala shamba lake."

Ndugu wa damu asingeweza kunisema vile mbele ya watu; ndiyo maana mababu walituachia watani. Anjela aliniuliza jambo moja tu. "Ulijua?" Nikasema, "Nilijua." Akamfunga mtoto mgongoni akaingia ndani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Zuhura, mimi mzee mwenye mvi, yeye yuko ardhini zamani. Nyanya zinamwagwa siku ya kununua, ukiaibika umeaibika, kesho unauza tena. Bima haimwagi tenga siku ya kununua. Inakuamini, inachukua neno lako, inaondoka. Inalimwaga siku ya kilio, na siku hiyo huna nyanya nyingine.

Kifo cha Deo ni cha Mungu, na cha mguu wake mwenyewe. Ufukara wa Anjela ni wangu.

Nilikwenda Dakawa kwa mtu aliyelinunua lile shamba, nikamwomba aniuzie. Akakataa, na ana haki, amekwishaotesha. Nikauza lori langu kubwa nikanunua shamba jingine, kwa jina la Anjela. Ni zuri, lakini liko mbali na mfereji, maji yanamfikia wa mwisho. Alilipokea. Zamani akiniona aliita "Mjomba" kutoka barabarani, kama alivyoniita mumewe. Siku hizi anasema, "Shikamoo mzee," anapita. Nami naitikia marahaba. Sina la kudai.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe uliyeniletea habari kwamba umenunua gari la umeme na unataka kulifungua kama wenzio. Sikukatazi kwa sababu ya uzee. Kabla hujaligusa, nenda kwa watu wa bima uwaulize itapanda kiasi gani. Wakikutajia bei ukaguna, basi hiyo ndiyo bei ya kweli ya ule mwendo unaoutaka, na fundi hakukutajia. Kama huiwezi, mwendo huo huuwezi; liache lilivyo. Kama umekwishalifungua, usingoje mwaka wa bima uishe, kaseme wiki hii, hata wakupandishie. Bei ya juu inauma mara moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeumbuliwa zaidi si marehemu, ni aliyebaki na mtoto mgongoni. Na ukiwa na mjomba mjanja, siku ya kuulizwa swali, usimtazame yeye. Jibu mwenyewe.

Mungu akulinde barabarani, akupe mguu mwepesi wa kuachia kuliko wa kukanyaga. Akupe mke atakayekuita jina lako hadi uzeeni, na mdomo unaosema lililopo hata likikugharimu. Wazee wa mlimani wakusimamie.

Leo nina nyumba ya bati Nyandira. Nina lori moja, lile dogo. Nina bustani mbili za karoti na moja ya njegere, ng'ombe wawili, nguruwe, na mizinga ya nyuki. Nina mabinti wanne wameolewa vizuri. Nina mtani mmoja. Mpwa sina.