Nilivyoitukana Bastola ya Kifaru

Sitaficha uso. Nilipopata leseni, niliisifu bastola yangu ya chapa Kifaru katika mji wetu mzima wa Koboko. Mwaka huu ikaanza kukwama, nikaichukia. Siku ya ukaguzi polisi Arua, siku ya kuongezewa muda wa leseni au kunyimwa, niliitangazia foleni: “Msinunue Kifaru! Mimi msomi, nimechunguza!”

Afande akaifungua bastola, akainusa. “Kijana, ulipaka nini?”

“Mafuta ya shea ya mama, yale anayompaka mjukuu wake. Mafuta ya bunduki ya dukani huenda ni bandia.”

“Yote iko imeganda ndani. Hii iko bunduki ama mtoto mchanga?”

Foleni ikaangua kicheko.

Nikainua kidevu. “Lakini haina kutu!”

Afande akaitia leseni yangu kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.