Gonga Mlango, Mwanangu

Asubuhi moja ya theluji bado ninaikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani nimeiweka wapi. Nakusimulia kwa sababu juzi uliponipigia simu kutoka huko Upper Marlboro ulisema neno lililonikaa moyoni. Ulisema mji ni mdogo, nyumba ni nzuri, kazi ipo, lakini tangu uhamie hakuna aliyekuuliza jina. Ukaniita mara mbili, ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi Alexandria, mji wa huku huku Marekani, nikiwa na umri kama wako.

Mimi na Wafula, mume wangu, tulipanga nyumba ya chumba kimoja upande wa magharibi wa mji, kwenye jengo refu la matofali. Yeye alikuwa akiegesha magari ya wageni hotelini. Mimi nilikuwa nikitunza wazee, mpaka mimba ilipokuwa kubwa nikaacha. Mji ule ulikuwa mtulivu mno. Barabara pana, miti mizuri, na basi la Jumapili ambalo ukilikosa unarudi nyumbani kulala. Unga wa ugali tuliufuata hadi Silver Spring, kwa basi halafu treni, na kurudi na mfuko begani. Na watu walikuwa na adabu, sitawasingizia. Mtu anakushikia mlango, anakutakia siku njema, anatabasamu, kisha anaingia kwake na kufunga. Mimi nimezaliwa karibu na Kitale, ambako jirani akipika maharagwe anakuita uonje kama chumvi imetosha. Pale kwenye korido nilinusa chakula cha kila nyumba, na sikujua uso wa mpishi hata mmoja.

Nikajiambia kwamba ndivyo watu wa huku wanavyotaka, kila mtu na lake. Nikajifunza kupita kimya na kufunga mlango bila kishindo.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa bibi mmoja Mmarekani mweusi, Miss Loretta. Jina lake nililisikia kwa watu wa kuleta mizigo. Alikuwa akitutazama juu ya miwani bila kusema mengi, nami nikaamini kwamba yeye hatupendi sisi. Nilipojifungua Nekesa, binti yangu wa kwanza, kila akilia nilikuwa naongeza sauti ya televisheni ili yule bibi asije akatushtaki kwa wenye jengo.

Mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani. "Nani anakukanda? Nani anakupikia uji?"

"Wapo, Mama," nikasema. "Watu ni wengi."

Hapakuwa na mtu. Alikuwepo Wafula tu, na siku ile theluji ilipoanguka akakwama kazini, kwa sababu wenzake wa kumpokea shifti walishindwa kufika. Niliamka nikitetemeka. Nikadhani ni baridi tu. Nikavaa sweta juu ya sweta na kuongeza moto wa hita, na bado meno yaligongana. Maziwa yalikuwa yakipungua, mtoto ananyonya na kuachia na kulia. Wafula alipopiga simu nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya bafu, kwa kuwa nilishindwa kuinuka. Unajua nilimjibu nini? "Niko sawa, baba Nekesa. Usijali."

Ndipo mlango ukagongwa.

Alikuwa Mama Zawadi, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, aliyekaa nyumba ya chini yetu. Tulikutana mara moja kwenye chumba cha kufulia, akaniambia nimgongee wakati wowote. Nililichukulia kama neno la adabu tu.

"Mama! Fungua mulango! Mutoto analia tangu asubuyi, miye niko chini naskia."

"Tuko sawa," nikajibu.

"Hapana. Fungua."

Nilitambaa nikafungua. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso, na sura yake ikabadilika. "Mungu wangu. Weye unaungua." Hakuuliza zaidi. Alimchukua Nekesa, akamfunga mgongoni kwa kitenge, kisha akatoka kwenye korido. Wakati ule Kiingereza hakikuwa kimemkaa mdomoni, na Kifaransa chake pale kisingemfaa kitu. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Miss Loretta.

Nikamwita nikiwa pale sakafuni. "Mama, usimgongee yule! Atatukasirikia!"

Aligeuka akanitazama. "Akasirike," akasema. "Atakasirika na weye ukiwa muzima."

Akaupiga mlango kwa kiganja. Ulifunguka upesi, kama vile mtu alikuwa amesimama nyuma yake. Miss Loretta alinitazama mara moja, akachukua simu, akaita ambulensi, akawatajia anwani polepole. Kisha akapiga magoti kando yangu na kunishika mkono, akiniita "baby", mimi mama wa mtu. Baadaye niliambiwa kwamba theluji ilikuwa imefunika njia ya kuingilia, na kwamba yule bibi alishuka na gauni lake la nyumbani na buti za mpira, akasimama nje kabisa kuwapungia mkono wenye ambulensi wasipitilize.

Hospitali walisema ni maambukizi ya kizazi, na yalikuwa yameanza kuingia kwenye damu. Daktari aliniambia nimefika kwa bahati, na kwamba kufikia jioni pengine angekuwa anazungumza na mume wangu peke yake.

Barabara zilipofunguka, Mama Zawadi na Miss Loretta walikuja kuniona pamoja, kwa gari la Miss Loretta. Sijui walizungumza lugha gani njiani. Miss Loretta alikaa kitandani kwangu na kulia. Aliniambia alikuwa akimsikia mtoto. Asubuhi ile alipika supu, akasimama nayo nyuma ya mlango wake, akairudisha jikoni. Alidhani sisi ni watu tusiopenda kusumbuliwa, kwa jinsi tulivyokuwa tukipita kimya na kujifungia.

Nikamtafsiria Mama Zawadi. Alitikisa kichwa, na akanigombeza pale pale, mgonjwa au si mgonjwa.

"Kwenu watu wanakuya bila kuitwa. Apa watu wanangojea kuitwa. Weye hauite, ule naye haite. Mutoto afie katikati yenu, kila mutu na adabu yake?"

Nikamtafsiria Miss Loretta maneno hayo, mwanangu, neno kwa neno.

Miss Loretta alimlea Nekesa nilipokuwa kazini, mpaka mtoto akaanza shule. Alipofariki, Wafula alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mama Zawadi amehamia kwa wanawe, na bado tunapigiana simu kila Jumamosi. Nekesa sasa ni mtu mzima, ananisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, nami sigombani naye.

Basi nasaha yangu ni hii. Mji mdogo wa huku hauna watu wabaya, una watu wanaoogopa kukusumbua, na wewe umeanza kuwa mmoja wao. Kesho pika chapati mbili tatu za ziada, gonga mlango ulio karibu, taja jina lako na uulize lao. Si wote watakaofungua. Mimi baada ya kupona nilimgongea mmama mmoja wa ghorofa ya juu, akanijibu kwa ndani kwamba hanunui kitu. Nilicheka, nikaenda mlango mwingine. Ukiumwa, sema unaumwa. Na mama yako aliyekuzaa, kule nyumbani, akikuuliza kwenye simu nani yuko nawe, usimtajie watu ambao hujawatafuta.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe afya na usingizi mzuri, akuzungushie watu wanaojua sauti yako ikiwa nzima na ikiwa imebadilika. Na wewe akufanye mtu wa kukimbiliwa, hata na wasiojua lugha yako. Amina.