Linki ya Fomu ya Luciana

Devota akikasirika hunyamaza kwanza, na wanaomfahamu pale Kibaoni huitumia nafasi hiyo kuondoka. Siku ile Serafina hakuondoka. Alisimama mbele ya meza ya steshenari na daftari mkononi, akisubiri kuelezwa kwa nini namba ya fomu ya binti yake, Luciana, ilipofunguliwa ilileta jina la Festo Anselim.

Fomu hiyo ya chuo cha uuguzi Devota aliijaza mwenyewe wiki tatu kabla, na ilikuwa inaruhusiwa kubadilishwa mpaka siku ya mwisho. Miaka sita alikuwa akiwajazia watu fomu, hajawahi kukosea hata tarehe ya kuzaliwa. Sasa orodha ya waliochaguliwa imetoka, Luciana hayumo, Festo yumo. Devota alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka wa mafuriko, akamwambia Serafina waende.

Baba yake Festo, mzee Anselim, alikuwa jumuiya moja ya kanisa na Serafina. Walimkuta uwanjani kwake akianika mpunga. Devota hakumwamkia, mtu mzima yule. Alimwita mwizi mbele ya mkewe na majirani, mwizi wa nafasi ya mtoto wa mjane, anayepiga magoti jumuiyani kila Jumamosi huku kidole chake kimeshafuta jina la mwenzake. Anselim alimwacha amalize. Akaweka reki chini, akaingia ndani, akatoka na simu.

Ujumbe ulikuwa wa Serafina mwenyewe, kwenye kundi la jumuiya: fomu ya chuo hii hapa, mtuombee. Chini yake, linki.

"Nilipoifungua nikakuta jina la Luciana," Anselim alisema. "Nikajua ni mfano. Si ndivyo unavyobandika ukutani pale dukani kwako, fomu iliyojazwa ili watu waone? Basi nikafuta, nikaweka ya Festo. Nikamshukuru na mama Luciana humo humo kwenye kundi."

Kweli alikuwa amemshukuru, na Serafina alikuwa amejibu amina.

Linki hiyo Serafina aliipata kwa Devota. Zamani wateja walikuwa wakiacha akaunti zao wazi kwenye kompyuta za dukani, anayekaa baadaye anasoma mambo ya aliyetangulia, Devota akachoka na ugomvi. Akazipanga kompyuta hizo zikatae kuki, yaani zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta ili imtambue aliyeingia. Tovuti ya chuo, ikikataliwa kuki, ilimtambua mtu kwa namba ndefu iliyokaa ndani ya linki yenyewe. Devota aliona ni neema. Umeme ukikatika katikati ya fomu, alifungua linki kwenye simu akaendelea pale pale alipoishia. Ikawa desturi yake kuwatumia na wateja, ili waendelee wakiwa nyumbani. Kitufe cha Ondoka hakuwahi kukibonyeza, kwa sababu ukiondoka linki inakufa.

Alimpigia fundi wa tovuti ya chuo akiwa amesimama pale pale kando ya mpunga. Fundi akaeleza kwa sauti ya upole iliyomzidishia hasira. Mwenye linki anahesabiwa ndiye mwenye fomu. Muda wa mwisho hawakuiwekea namba hiyo, maana waombaji walilalamikia mtandao unaokatika katikati ya fomu. Onyo la kutogawa linki lilikuwepo chini ya ukurasa, kwa Kiingereza.

"Kwa hiyo mlijua," Devota alisema.

"Tulijua, dada."

Nafasi zilikuwa zimejaa. Hata Festo akijiondoa, angeitwa anayefuata kwenye orodha, na Luciana hakuwa na fomu ya kumweka kwenye orodha yoyote. Aombe mwakani. Devota alimtukana fundi mpaka akakata simu, akaendelea kuitukana simu iliyokatika. Alikasirikia Kiingereza kile cha chini ya ukurasa, akamkasirikia Serafina na maombi yake ya kwenye kundi. Walipokwisha wote hao, hasira ilibaki nzima, na mtu aliyebaki wa kukasirikiwa ni yeye.

Serafina hakuwa ameelewa kuki wala namba. Alikuwa bado ameshika daftari.

"Devota mwanangu, Luciana yuko nyumbani ananisubiri nimpelekee jibu. Nikamwambie nini?"

Devota alitaka kumtaja fundi. Akataka kumtaja Anselim, aliyekuwa ameokota reki yake na kurudi kwenye mpunga.

"Mwambie haendi," alisema. "Mwambie fomu yake niliiacha wazi mimi. Hapana, mama, usimwambie. Nakuja kumwambia mwenyewe."

Serafina akashika njia bila kumsubiri.