Kompyuta ya Mwalimu wa Mkunya Ilipokosa Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni la kanisani, kwa sababu sikujua fundi redio huvaa nini. Nilikuwa binti wa Lulindi niliyetoka kumaliza masomo ya ufundi, na karakana ile ya Masasi mjini haikuwahi kuona mwanamke isipokuwa mama muuza vitumbua. Fundi Mkuu, Myao mmoja wa maneno machache, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho. Akanipa kitambaa nifute meza.

Asubuhi ile ile alikuja mkulima na redio iliyokuwa ikikoroma badala ya kusema. Nikashika bisibisi upesi, nionekane najua. Fundi Mkuu akaichukua mkononi mwangu.

"Mikorosho mmeshapuliza, baba?" akamwuliza mgeni.

Nilidhani mzee anapiga soga. Mkulima akajibu kwamba ndiyo, wamekuwa wakipuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na redio wameitundika pale pale shambani. Fundi Mkuu akaifungua, akanionyesha unga wa njano uliojaa kwenye volyumu, kile kifaa kinachozungushwa kuongeza na kupunguza sauti. Akapitisha brashi, akatia spiriti kidogo, redio ikasema. Mimi mdomo wazi.

"Uliza nyumba kabla hujauliza mashine," akaniambia. "Mashine haiishi peke yake, inaishi na watu."

Redio zikapungua, kompyuta zikaja, nami nikahamishiwa Newala chini ya Afisa TEHAMA, yaani mkubwa wa mambo ya kompyuta na mawasiliano. Huyu alikuwa kijana kwangu, nadhifu, na alinifundisha kwenda kwa utaratibu. Kompyuta ikikosa sauti, anza na umeme wa spika. Kisha fuata waya hadi kwenye tundu lake la kijani. Kisha tazama ndani ya kompyuta, isije ikawa mtu ameifunga sauti. Mwisho ndipo uguse draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake cha sauti. Kitu asichotaka kukisikia ni kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka.

"Mama Neema," alikuwa akiniambia, "kupiga window ni mazishi. Usimzike mgonjwa hujampima."

Wakubwa wangu hao wawili hawakuwahi kuonana, lakini siku niliyoitwa kijijini Mkunya walikuwa nami wote.

Niliitwa na Somoe, binti wa mwalimu mstaafu aliyepoteza macho akiwa bado anafundisha. Mwalimu alikuwa na kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti kila herufi anayobonyeza na kila mstari alioandika. Kiswahili ilikisema kama mgeni aliyeshuka jana, lakini kwa sauti hiyo mzee alisoma na kuandika kila siku. Skrini aliigawa shuleni. Aifanyie nini?

Mkewe, Mama Somoe, alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa imekaribia. Mwalimu alitaka kuandika maneno ya kusomwa siku hiyo. Tangu msiba kompyuta ilikuwa bubu. Fundi mmoja wa stendi alikuwa ameambiwa habari zake kwa simu, naye akasema iletwe apige window. Nilipofika, Somoe alikuwa ameshaita bodaboda aipeleke.

"Shikamoo, Mwalimu. Huwezi kumtajia Somoe akakuandikia?"

"Marahaba. Naweza," alisema. "Lakini yapo ya mume kwa mkewe, Mama Neema. Mtoto hayaandiki hayo." Akapapasa kibodi. "Nimejaribu kuandika hivyo hivyo, vidole vimezoea. Ila sisikii kitu. Sijui kama kinaingia au nachezea vitufe tu."

Nikamwambia wa bodaboda asubiri. Taa ya kompyuta ilionekana ikiwaka chini ya kanga iliyoifunika. Taa ya spika pia. Waya wa nyuma umekaa sawasawa kwenye tundu la kijani. Nikataka kuanza kufikiria draiva, nikamkumbuka Fundi Mkuu.

"Somoe, mama yangu, siku za msiba nyumba hii ilikuwaje?"

"Kama misiba yote. Redio tulizima, runinga tulizima, watu wamejaa mpaka..." Akaweka mkono mdomoni. "Ee Mungu wangu. Ni mimi."

Watoto wa wageni walikuwa wakigusa kibodi, na kompyuta ikawa inapayuka mbele ya kina mama wanaolia. Kuizima hakujua, na aliogopa kumharibia baba kazi yake. Basi akachomeka hedifoni kwenye tundu la mbele, akazitia ndani ya mtoto wa meza, akafunika kompyuta kwa kanga ya marehemu. Ukichomeka mbele, spika za nyuma hukatika. Kisha yakaja mapishi, wageni na machozi, akasahau.

Nikainua kanga, nikavuta mtoto wa meza. Nikaweka hedifoni sikioni na kubonyeza kitufe kimoja. Sauti ilikuwepo. Siku zote zile mzee akilia kwamba imekufa, ilikuwa ikimsomea kila neno humo mezani.

Nikachomoa waya. Mwalimu akabonyeza, na spika ikajibu. Alitafuta mwanzo wa maandishi yake kwa vidole, akaiachia isome.

"Mama Somoe," ikasema kigenigeni, "leo nimekwenda kisimani peke yangu. Nimekosea njia kidogo, lakini sijaanguka."

Zilikuwa kurasa na kurasa. Yote yameingia, na vidole vyake vilikuwa vimehifadhi kila mara kwa mazoea. Nikatoka uani, nikamwambia wa bodaboda aende zake.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiletea simu na kompyuta zao barazani. Wanashangaa ninavyowauliza habari za nyumbani kwao kwanza, wanadhani ni uzee. Naona ajabu ileile niliyoiona siku ya gauni la kanisani, kwamba kitu kikionekana kimekufa huenda kinaongea, ila hakuna aliyepo kusikia.

Nilialikwa kwenye arobaini ile. Baada ya dua, Mwalimu hakumpa mtu karatasi. Aliomba kompyuta itolewe uani, iseme yenyewe, na lafudhi yake ya kigeni haikumchekesha mtu. Somoe aliishika spika kwa mikono miwili, ameinyanyua, ili hata waliokaa nyuma wasikie.