Nusu ya Chini ya Picha

Nilitoka Tanga kwa sababu ya barua. Bi Zuhura, mkaza-mjomba wangu anayeishi Unguja mjini, aliniandikia kwamba binti yake Salama ameposwa na Makame, kijana wa Fumba mwenye kuendesha gari la ng'ombe. "Wazee wake wanakuja Ijumaa kuchukua jibu," aliandika. "Wewe umesoma. Njoo unitafutie serikalini karatasi ya kuthibitisha kwamba marehemu mjomba wako alikuwa rubani wa ndege za vita, niitundike ukutani. Wakisomewa, wataondoka wenyewe."

Ndugu zangu wa Tanga, msimwone mama huyu mkatili. Watu wa Unguja ni waungwana mno, hawamwambii mtu "hapana" usoni. Hutafuta kitu cha kuwasemea, kama ndoto mbaya au mgonjwa wa shamba. Bi Zuhura alikuwa na rubani.

Na mimi nilikuwa naye. Kwa miaka minne nimewasimulia wanafunzi wangu jinsi mjomba wangu alivyopasua mawingu ya Burma. Picha yake niliijua tangu ujana: kofia ya ngozi kichwani, miwani mikubwa juu ya paji la uso, na tabasamu la mtu aliyeshuka mbinguni sasa hivi. Ilionyesha kichwa na kifua tu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mwalimu huwafundisha wengine kuuliza, naye akapumzika.

Jumatatu meli ilinishusha bandarini na nikaingia vichochoroni na mkoba wangu. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi hivi, lakini mashujaa walikuwa wakizidi kuongezeka. Kila baraza niliyopita ilikuwa na sajini wake, na baraza moja ilikuwa na wawili wasiosemezana, kwa kuwa kila mmoja alidai kuwa ndiye aliyemkamata jenerali yuleyule wa Kijapani.

Bi Zuhura alinipokea kwa halua na amri. "Kula haraka, ofisi zinafungwa." Salama, aliyeniletea kahawa, alisubiri mama yake aingie ndani, kisha akaniinamia.

"Kaka Abdalla, nnakuomba kitu kimoja. Ukimpata huyo rubani, mwambie anioe yeye. Maana mama hatamkubali mwingine."

Alicheka. Nilimuuliza kama anamtaka Makame kweli.

"Mwaka wa pili sasa anapita hapa na gari lake, na njia ya sokoni si hii," alijibu. "Nimtake vipi zaidi?"

Jumanne asubuhi nilikuwa katika ofisi moja ya serikali, mbele ya karani mwenye kalamu tatu mfukoni asiye na wino. Nilimweleza shida yangu taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi hesabu za kugawanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wenzake.

"Jamani, tumepata rubani mwingine! Huyu wa ngapi mwezi huu?"

"Wa tatu," alijibu mmoja bila kuinua kichwa.

"Mwalimu," karani aliniambia kwa upole uliouma, "tungekuwa na rubani hata mmoja, unadhani tungemsahau? Angepewa mtaa mzima." Hata hivyo alifungua daftari, akateremsha kidole, akakiweka juu ya jina la mjomba. "Huyu hapa. Kikosi cha vibarua, Burma. Kazi yake: usafiri. Zaidi ya hapo kamuulize Pandu wa Makunduchi. Waliandikishwa siku moja na wakarudi siku moja."

Nilidhani neno hilo lingemtia Bi Zuhura wasiwasi. Lilimnenepesha. "Usafiri!" alisema. "Kwani ndege hufanya nini, hupika? Nenda kwa huyo Pandu akupe maneno kamili."

Jumatano nilipanda gari la shamba mpaka Makunduchi. Nyumba ya Mzee Pandu sikuhangaika kuitafuta, maana kila niliyemuuliza alicheka kwanza ndipo akanionyesha njia. Nilimkuta uani akishona tandiko la punda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgeni, na una viatu. Umekuja kuniuliza vita au kuniuzia bima?"

Nilimtajia mjomba wangu. Aliweka sindano chini. Nilipofika kwenye neno rubani, alianza kutikisika mabega, na tandiko likamponyoka magotini.

"Rubani! Loo, mkasi ule! Subiri hapo, mwanangu, usiende."

Alirudi na picha iliyofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa picha ileile, kofia ileile, miwani ileile, tabasamu lilelile. Ila hii ilikuwa na upande wa chini. Mjomba wangu amezama kwenye tope mpaka magotini. Mkononi ameshika kamba, na kamba imefungwa kwa ng'ombe wanane. Nyuma yao ndege kubwa imelalia tumbo kama ng'ombe wa tisa aliyegoma. Pembeni kabisa, ameshika kamba ya pili, alisimama Pandu mwenyewe.

Nilibaki nimeitazama. Mzee alinieleza kwa mapana. Uwanja wao wa ndege ulitengenezwa juu ya majaruba ya mpunga, na mvua ilipokuja majaruba yalidai haki yao. Ndege zilitua, zikazama. Walizivuta kwa magari, magari yakazama. Ndipo kibarua mmoja kutoka Unguja aliposema anajua kazi ya ng'ombe. Aliazima ng'ombe wa wanakijiji, akawafunga jozi jozi, akawasemesha kama alivyokuwa akiwasemesha wale wa baba yake kwenye gari la nazi. Ndege ikatoka.

"Ilikuwa na majeruhi ndani," alisema Mzee Pandu, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Rubani wake alikuwa kijana wa Kizungu. Alilia. Akavua kofia na miwani akamvika mjomba wako, mwenzake akatupiga picha, kila mtu akapewa yake."

"Na yeye akasema ni rubani?"

"Hakusema hata siku moja! Alirudi kwao, akakata picha yake, akaitundika, akanyamaza. Watu ndio waliorusha ndege. Na mimi nikakatwa mkasi huohuo! Alikuja kunitaka radhi kabla hajafa. Nikamwambia, kukata tope nimekusamehe, kukata mkono wangu sijakusamehe."

Nilimwomba anipe picha ile kwa siku mbili. Akaikumbatia. "Haitoki bila mimi. Nshakatwa mara moja."

Basi tulirudi mjini wawili, Alhamisi. Njiani nilitafuta njia ya kumweleza Bi Zuhura polepole. Mzee Pandu hakuhitaji njia. Hata kahawa hakuionja, akafungua kitambaa mapajani mwa mama yule.

Bi Zuhura aliitazama picha kwa muda mrefu. Akainuka, akaipeleka ukutani, akaiweka karibu na ile nusu, akalinganisha tabasamu kwa tabasamu. Kisha alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na siku ile tulikula bila yeye. Salama alipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Ijumaa baada ya sala wazee wa Fumba walifika, wakiongozwa na baba yake Makame. Bi Zuhura aliketi wima chini ya ukuta. Ile nusu ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palikuwa na picha ya Pandu, na Pandu mwenyewe ameketi chini yake kama mlinzi.

"Mwalimu," aliniambia, "wasomee wageni."

Nikawaeleza yote: tope, kamba, majeruhi. Wazee walinyanyuka mmoja mmoja wakasogea kutazama. Baba yake Makame aligusa picha kwa kidole.

"Wanane! Mimi sijapata kufunga zaidi ya wanne."

"Wa kuazima wale," Mzee Pandu alimnong'onezea, lakini kwa sauti ya jeshi.

"Wa kuazima, wa kununua, kamba ilikuwa mkononi mwa nani?" Bi Zuhura alimkata, kisha akamgeukia mgeni wake. "Haya. Kijana wenu ana ng'ombe wangapi?"

"Wawili, bibi."

"Wawili!" Alivuta pumzi kama mtu aliyeletewa chai baridi. "Mume wangu alivuta ndege kwa wanane, nanyi mmekuja nyumbani kwangu na wawili?" Alitengeneza ushungi wake bila haraka. "Basi. Si kitu, lakini ndiyo kuanza. Mwambieni aongeze."

Nyuma ya pazia vigelegele vililipuka, na aliyevipiga alikuwa bibi harusi mwenyewe, aibu tupu. Hakuna aliyemkemea.

Jumamosi nilipanda meli. Jumatatu nitasimama mbele ya wanafunzi wangu niwaombe radhi, kisha niwasimulie habari bora kuliko ile ya kwanza. Na wewe unayesoma, usifadhaike ukiwa na shujaa wako ukutani. Mpende tu. Lakini kabla ya kumposea au kumkatalia mtu kwa jina lake, uliza kwanza miguu yake iko wapi.