Edouard Kapya na Gari Lililomuua Fils

Gari lilirudi Hewa Bora likiwa limebebwa juu ya lori la mizigo, limefunikwa turubai la bluu, na watu wa mtaa wetu walilitambua kabla turubai halijaondolewa. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lisilo na paa, la mwisho wa miaka ya hamsini, lile la watu kukimbiza kwa raha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa kando ya njia alifanya ishara ya msalaba, akabeba karai lake na kuingia kwake.

Edouard Kapya alikuwa langoni akiwaelekeza wapakuaji. Mimi naishi ng'ambo ya barabara, ukuta wangu unatazamana na garage yake, kwa hiyo nilimwona vizuri. Hakuligusa gari mpaka walipomaliza kulishusha. Kisha akaingia ndani ya lupango, kiwanja chake chenye ukuta, na kufunga lango.

Watu wake walitoka Kongolo, kaskazini ya Katanga. Babu yake alitandika reli, baba yake alitia makaa katika tumbo la injini ya treni, na Edouard mwenyewe alijifunza kuchonga chuma katika karakana za reli hapa Lubumbashi. Kazi ya reli ilipolegea alifungua garage uani kwake. Mtoto wake wa kwanza, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa Fils, yaani "mwana" kwa Kifaransa, alikulia chini ya magari pamoja naye, na alipokuwa mtu mzima wakawa mafundi wawili wa garage moja. Wateja hawakuuliza ni nani kati yao atakayeshika kazi.

Gari lile lilikuwa la Raoul, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo ambaye malori yake yote yalitengenezwa na Edouard. Raoul alilinunua kwa familia ya Mgiriki mmoja iliyokuwa ikihama, akalipenda kama mtoto anavyopenda nguo ya Noeli. Mwaka 2021, Jumamosi moja asubuhi, Fils alilitoa kulijaribu baada ya kubadilisha breki, akashika njia ya Kasapa. Kwenye kona alikuta lori la madini limeharibika, limeachwa katikati ya njia bila hata tawi la kuonya. Akakata usukani kulikwepa. Usukani wa magari ya umri ule unapita katika boksi la chuma lenye gia, na boksi likizeeka, unazungusha kidogo kabla magurudumu hayajasikia. Magurudumu yalichelewa. Gari likagonga mkia wa lori.

Hakuwa amekimbiza sana. Lakini kutoka kwenye lile boksi, ambalo linakaa mbele karibu na taa, kulikuwa na mti mmoja wa chuma ulionyooka mpaka kwenye usukani, yaani mpaka kifuani mwa dereva. Mbele ya gari iliposukumwa nyuma, chuma kilisukumwa nyuma pia. Uso wa Fils haukuwa na mkwaruzo. Mama yake, Wivine, alipofunuliwa shuka hospitalini alidhani mtoto amesinzia, akamwita. Kisha akaishusha shuka mwenyewe.

Raoul alikaa nasi kilio chote, akilala kwenye kiti cha plastiki kama ndugu wa tumbo moja. Gari akalitupa nyuma ya depo yake. Tangu siku zile Wivine aliacha kumwita mume wake Papa Fils, yaani Baba Fils. Alimwita Edouard, jina tupu, jambo ambalo wanawake wa mtaa wetu hawawafanyii waume zao, naye Edouard aliitika.

Hivyo ndivyo walivyoishi hadi kiangazi cha 2024, Raoul alipokuja akiwa amevaa shati la kazi, akaketi uani akizungushazungusha ufunguo wa lori mkononi. Alisema anataka nafasi katika depo, na kwamba hawezi tena kupita mbele ya lile turubai kila asubuhi.

"Nataka kuikatisha, bauze bichuma," alisema, yaani likatwe na kuuzwa chuma chakavu. "Lakini siwezi kuikata bila weye kujua, Papa Edouard."

"Usiikate," Edouard akasema. "Ilete kwangu."

Wivine alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Alimaliza sahani yake, akaifunika, akasimama.

"Kama ile motokari inaingia mu hii lupango, miye natoka."

Hakuwa mwanamke wa kutishia. Gari lilipoingia kesho yake, yeye alitoka na sanduku moja, akaenda kukaa kwa dada yake, mtaa wa Makomeno.

Sisi majirani tulidhani Edouard anataka kulikata mwenyewe, kwa hasira, na tulimwelewa. Lakini siku chache baadaye alimweleza Raoul anachotaka kufanya, nami nilikuwepo. Atatoa lile boksi na ule mti wa chuma, na mahali pake ataweka kremayeri, yaani fito la chuma lenye meno, linalolala kati ya magurudumu mawili na kusukumwa kulia au kushoto na gia ndogo. Magari yote ya sasa yamefungwa hivyo. Usukani unakuwa mwepesi, magurudumu yanasikia papo hapo. Na mti wa usukani haunyooki tena: unakatwa vipande, unaungwa kwa viungo viwili vinavyopinda kama goti. Mbele ikisukumwa, unakunjika.

Raoul aliuliza kama gari litabaki na thamani yake likiharibiwa asili namna ile, kisha akaona haya kwa swali lake mwenyewe na kusema afanye anavyotaka.

Edouard alifanya kazi ile peke yake. Alinyoosha mbele ya gari kwa minyororo na jeki. Umeme ulipokatika aliendelea kwa msumeno wa mkono. Ule mti wa chuma ndio alioukata kwanza, na sikusikia chochote zaidi ya msumeno, ingawa nilisimama ukutani nikisikiliza kwa sababu nilimwogopea. Kremayeri aliipata kwenye mabaki ya Toyota. Akaunda vishikio vyake, akavichomea, akapima na kupima tena ili fito likae sawa na mikono ya magurudumu, kwa sababu likikaa juu au chini gari linajivuta lenyewe kila linapopita shimo.

Siku alipofunga kila kitu aliniita nimsaidie. Gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yakining'inia. Akaketi, akazungusha usukani kushoto. Magurudumu yakaenda kulia. Akazungusha kulia. Yakaenda kushoto.

Aliendelea kuzungusha, huku na huku, polepole. Nilimwambia hata fundi mkubwa anakosea. Hakunisikia. Alikuwa mtu mwenye miaka arobaini ya kazi ya chuma, naye alikuwa amefanya kosa la mwanafunzi: ile Toyota mikono yake ya magurudumu inaelekea nyuma, na fito linakaa nyuma ya magurudumu, wakati gari hili mikono yake inaelekea mbele. Alishuka, akakaa chini kwenye vumbi, akaegemea mlango. Hapo ndipo alipomlilia mtoto wake. Kwenye kilio hatukumwona akilia. Sasa alilia kwa sauti, mafuta meusi mikononi mpaka kwenye viwiko, nami nikakaa karibu naye kwa sababu sikujua la kufanya.

Dawa ya kosa lile ilikuwa rahisi, akaniambia siku iliyofuata, kana kwamba hakuna kilichotokea. Inatakiwa kremayeri ya gari lenye usukani upande wa kuume, kama yale yanayotoka Zambia. Ukiipindua juu chini, upande wake wa usukani unakuja kushoto na mwendo wake unanyooka. Magari kama hayo yanajaa hapa. Aliipata, akavikata vishikio alivyounda, akaunda vingine.

Lilipokuwa tayari alilitoa peke yake asubuhi, akashika njia ya Kasapa. Aliporudi nilimuuliza limekwendaje.

"Iko muzuri," alisema. "Inasikia kidole."

Alipita pale kwenye kona, akageuza, akapita tena. Alisema alikuwa amengoja kusikia kitu moyoni, chochote, na hakusikia ila injini.

Jumapili iliyofuata alimtuma mtu Makomeno kumwambia Wivine kazi imekwisha. Wivine alikuja baada ya Misa, bado amevaa kitambaa cha kanisani, dada yake akimngoja langoni. Edouard alimfungulia kofia ya gari, yaani boneti, akamwonyesha kila kitu kwa utaratibu, kama anavyomwonyesha mteja: hapa palikuwa na boksi, hapa ndipo ule mti ulipopita, sasa tazama viungo hivi, vinapinda. Akauzungusha usukani ili aone. Wivine aliinama, akatazama kwa makini. Akanyoosha mkono akagusa kiungo cha chini.

"Kama ingekuwa hivi ile siku," aliuliza, "mutoto angepona?"

Nadhani Edouard hakuwa amejiuliza swali lile kwa maneno, au alikuwa amejiuliza na kulisukuma mbali. Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa mtu wa chuma, na kuhusu chuma hakujua kusema uongo.

"Angeumia miguu," akasema. "Lakini angepona."

Wivine alijinyoosha. Hakupandisha sauti.

"Miaka yote nilikuwa nasema ni Mungu njo alimubeba. Niliomba na vile, nililala na vile. Sasa unanionyesha ilikuwa chuma tu. Kintu cha kukata na msumeno." Alifuta mkono wake kwenye kitambaa. "Ungeniachia Mungu, Edouard."

Akatoka. Edouard alibaki ameshika kofia ya gari juu, na alibaki ameishika muda mrefu baada ya wale wanawake kupotea mwisho wa njia.

Raoul alilichukua gari wiki ile. Alilipeleka kwenye arusi ya binti yake Graciella, watu wakapiga picha. Edouard alialikwa, hakwenda. Alianza kukataa magari madogo. Akabaki na malori ya Raoul, na kuchomea milango na nondo za madirisha. Alikonda. Alipika mwenyewe, au hakupika. Mara nyingi mke wangu alimpelekea sahani, na mara nyingi sahani ilirudi kama ilivyokwenda.

Mvua zilipoanza alishikwa na malaria kali, akaanguka karibu na lango. Tulimtumia Wivine habari. Alifika na sanduku lake, akamwuguza, akamlazimisha kunywa uji, na alipopona hakuondoka. Hakusema amesamehe, wala hakuna aliyemuuliza. Waliongea juu ya paa linalovuja, juu ya bei ya unga, juu ya mgonjwa wa jirani. Aliendelea kumwita Edouard.

Mwaka jana alikuja mtu kutoka Likasi, mwalimu mstaafu anayeitwa Liévin, na gari lake la zamani la michezo alilorithi kwa mjomba. Alikuwa amesikia habari kwa Raoul. Usukani wake ulikuwa mzito na uliolegea, alisema, na mke wake anaogopa kupanda. Edouard alimjibu kwa heshima kwamba kazi ile haifanyi tena. Yule mzee aliomba msamaha kwa usumbufu, akageuka aondoke.

Wivine alikuwa akianika nguo. Hakuacha kazi yake, wala hakuwatazama.

"Mufanyie," alisema.

Edouard alimtazama mgongo. Nguo zilikuwa zikichuruzika maji chini.

"Ingiza motokari," akamwambia mzee.

Wivine alitundika nguo iliyobaki, akaingia nyumbani na kufunga mlango na madirisha yote, joto lile lote. Kutwa nzima alibaki humo, mpaka msumeno uliponyamaza. Ndipo akatoka, akawasha makaa, akasonga bukari, ugali wetu.