Maji Mekundu Kwenye Bilauri

Haya, mliosimama kaeni, mliokaa msilale! Nawapa habari ya maji yaliyoninyima mke.

Enzi hizo Mwingereza bado anatutawala, tukaletewa bomba mtaani kwetu Mtendeni. Bomba moja, watu kama siafu! Mama yangu akaapa hachoti tena kisimani, hata kisima kimpigie magoti.

Basi nikaposa binti wa Igalula. Wazee wake wakasema watakuja na treni watuone kwanza; tusipowapendeza, hakuna ndoa. Siku hiyo mama aliamka jogoo hajakohoa, akawa wa kwanza bombani. Anasema, "Wakwe zangu hawanywi mabaki ya watu!" Bado kiza, ndoo ya bati, hakuona kitu. Akamimina mtungini.

Kwetu mgeni hupewa maji kwa kata ya kibuyu, nyeusi kwa ndani. Lakini mimi nikajitia ungwana, nikaenda dukani kwa Mwarabu kununua bilauri mbili za kioo. Zinang'aa mpaka nzi wanajitazama!

Wageni wakaja. Shikamoo, marahaba, karibuni, wakaketi. Mama akachota mtungini, akampa baba wa binti. Lahaula! Maji mekundu, kilemba cha jogoo kingeona haya!

Mzee yule akaitazama bilauri, akanitazama mimi, akaiweka chini taratibu.

"Mwanangu, humu ndani mnachinja nini?"

"Ni maji ya bomba, baba. Ya serikali!"

Mkewe kashasimama. "Mwanangu mimi haji kunyweshwa damu."

Wakaondoka. Kuku tuliyewachinjia hawakumgusa. Mtama haujavunwa, binti kaolewa na mwingine.

Halafu ndipo akaja fundi wa bomba. Nikamkaba shati: umetutilia nini? Akacheka, mwana wa watu.

"Bomba la chuma hilo, mliletewa likiwa kuukuu. Maji yakilala humo usiku kucha yanabeba kutu, na anayechota wa kwanza anaichukua yote. Yaacheni yamwagike kidogo, yatatakata."

Yamwagike! Na yule mlinzi wa bomba waliyetuwekea, ukimwaga tone anakufukuza kama mbwa! Kutu yao, mlinzi wao, mke wangu.

Nikarudi nyumbani nikawaeleza. Mama akainamisha kichwa. Bibi yangu akatema ugoro wake:

"Mjinga we! Ungewapa kwa kata, saa hizi nabeba kitukuu!"